Majina ya askari wa Keya yaandikwe Taveta

Mhariri,

Vita vya mpaka wa Taveta, vya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vinaposimuliwa, majina yanayotajwa ni ya majenerali Smuts wa upande wa Waingereza na Lettow-Vorbeck wa Wajerumani, ilhali askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika chini ya Mwingereza, ambao wazee wetu waliwaita Keya, hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba hawakuwa na baba wala mama.

Kikosi hicho kiliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati (Malawi ya leo), Afrika Mashariki, Uganda na Somaliland. Kilikuwa cha askari wa miguu wenye silaha nyepesi, wasio na mizinga yao wenyewe, na kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa doria za mipakani na, jambo hili lisifichwe, kuwatiisha kwa mtutu wa bunduki wenyeji waliokataa utawala wa Mwingereza. Vita vilipozuka Agosti 1914 kilikuwa na batalioni tatu tu zenye kombania 21, na wengi wa askari waliokuwa katika Kenya ya leo walikuwa wametawanywa kaskazini na Jubaland, kwa hiyo mpaka wa kusini ulikuwa karibu wazi. Wajerumani waliiteka Taveta katikati ya mwezi huohuo, wakajichimbia kwenye kilima cha Salaita, na vikundi vyao vidogo vikawa vinaikata nyika kwenda kutega baruti kwenye reli ya Mombasa.

Taveta ilikombolewa Machi 1916, na mara yakafuata mapigano makali kwenye vilima vya Latema na Reata, ambako batalioni ya tatu ya Keya ilimpoteza kamanda wake, Luteni Kanali Graham. Jina lake tunalo. Ya askari waliokipanda kilima pamoja naye wasirudi, nani kati yetu anaweza kuyataja hata matatu?

Kufikia mwisho wa vita kikosi kilikuwa na batalioni 22. Sanamu ya askari iliyoko Nairobi ina maandishi yanayomwahidi mpiganaji kwamba, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake, lakini haina jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa kama walivyoandikwa wazungu.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikusanye majina yaliyosalia katika nyaraka na katika kumbukumbu za familia, Kenya, Uganda na Malawi, na iyachonge kwenye jiwe pale Taveta. Wapagazi wasisahaulike, wala askari Waafrika waliopigania upande wa Wajerumani, kwa kuwa mpaka ule ulichorwa na wageni na damu iliyomwagika ilikuwa ya watu wa bara moja. Nawe, Mhariri, tafadhali wafungulie wasomaji wako ukurasa watume majina ya babu zao.

Msomaji,
Voi