Kodi ya nyumba kesh mkononi inatuumiza wapangaji

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la kodi za nyumba hapa Dar maana linatuumiza wengi na tunakaa kimya. Mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo tena kesh, unapanda daladala na bahasha ya milioni na kitu roho juu, ukifika anahesabu anafutika kwenye kanga basi, risiti hakuna, eti tunaaminiana. Sawa, akifariki je? Jirani yangu alidaiwa upya na watoto wa marehemu, daftari halikuonekana, vyombo vikatolewa nje na mvua inanyesha. Inauma jamani.

Wapangaji tulipe kwa simu au benki, ile meseji ina jina, kiasi na tarehe, hakuna wa kuikana. Najua makato yanauma, tozo ya miamala ya simu ya 2021 iliturudisha wengi kwenye kesh, basi mkubaliane mapema nani anayabeba. Kama bibi mwenye nyumba hataki mambo ya simu, mwandikishiane kwa mjumbe asaini. Na nyie wenye nyumba mnaoficha namba za simu kwa kuogopa TRA, mamlaka ya mapato, hayo malizaneni na serikali, msimbebeshe mpangaji.

Mpangaji, Mbagala