Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025 wa Wafugaji wa Sato kwa Vizimba, Mwanza

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu Afisa Uvuvi uliyekubali kukaa nasi asubuhi hii, ndugu wanachama,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo. Nawashukuru pia mliofika, maana kwa kuangalia viti vilivyo mbele yangu akidi imepatikana kwa kuwahesabu hata waliosimama nje wakiongea na simu. Hilo nitalizungumza baadaye.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati ilikaa vikao vyake. Chakula cha samaki tulinunua kwa pamoja mara mbili, na mara zote mbili tulipata punguzo kwa sababu mimi binafsi nilikaa na muuzaji hadi jioni. Maboya yaliyokatwa na upepo yamerudishiwa. Banda letu la Nane Nane lilitembelewa na watu wengi. Tumemzika mwenzetu mmoja na tumechangia harusi mbili. Wanachama walioandikishwa ni 47, ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, waliolipa ni 19, zimeingia shilingi 1,140,000, hazijaingia 1,680,000. Mfuko wa dharura ulikuwa na 3,200,000, zimetumika 1,860,000, zimebaki 1,340,000. Stakabadhi zote anazo Mweka Hazina.

Sasa nije kwenye hizo 1,860,000, maana najua ndizo zilizowaleta wengi wenu leo.

Mnakumbuka mwezi Agosti. Samaki walianza kufa kwenye vizimba vya upande wa kusini, kisha katikati. Wengine walikuwa wameelea alfajiri midomo wazi, wengine wanazunguka-zunguka kama wamelewa, macho yametoka nje, ngozi imekuwa nyeusi. Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wa kwanza alisema ni sumu, wa pili akasema chakula kibovu, na wapo waliosema ni jirani. Kamati ilikaa kwa dharura, na mimi nikiwa mwenyekiti niliamua mambo mawili: tutumie mfuko wa dharura kupeleka sampuli maabara, na tumtaarifu Afisa Uvuvi siku hiyo hiyo. Katiba yetu, ibara ya matumizi ya dharura, inairuhusu kamati kufanya hivyo bila kusubiri Mkutano Mkuu. Wanaosema nilijichukulia madaraka waisome. Nakala iko kwa Katibu, na haijawahi kuazimwa na mtu tangu ichapwe.

Kwa nini sikusubiri? Sababu ziko mbili, na hakuna hata moja niliyoiota.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na upande wa Uganda, wa kufugwa na wa ziwani. Walikuta vinasaba vya virusi vya ziwa vya tilapia, wenyewe wanaviita TiLV, ndani ya samaki ambao kwa macho hawakuwa na ugonjwa wowote. Virusi hivyo vilitambuliwa na kuelezwa mwaka 2014 huko Israel, baada ya miaka ya vifo visivyoeleweka, na baadaye vikaripotiwa Ecuador, Misri na Thailand. Kwa hiyo anayesimama hapa na kusema "ziwa letu halina virusi" anazungumzia ziwa lingine. Swali lilikuwa kama ndivyo vilivyoua samaki wetu Agosti.

Sababu ya pili ni Ghana. Mwishoni mwa 2018 wafugaji wa vizimba wa Ziwa Volta, watu kama sisi, na sato kama wetu, walipata vifo vya kutisha. Uchunguzi ulikuta virusi vingine, ISKNV, vinavyoharibu bandama na figo za samaki, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwenye tilapia wa kufugwa Afrika. Maji ya ziwa hayana ukuta. Maiti ya samaki uliyemtupa wewe inaogelea hadi kwangu. Ningekaa kimya nisubiri akidi? Kwa akidi hii?

Malalamiko ya kwanza ni kwamba fedha "zililiwa barabarani". Nieleze. Awamu ya kwanza ya sampuli haikutoa jibu lolote, ni kweli. Lakini haikutoa jibu kwa sababu wanachama walileta samaki waliokufa tangu jana, wamevimba, wamefungwa kwenye kiroba. Samaki akishakufa, bakteria wa tumboni na wa majini wanamvamia ndani ya saa chache, na maabara inaotesha hao badala ya muuaji. Anayetakiwa ni samaki anayeanza kuzubaa, bado anapumua, anawekwa kwenye barafu ya kupondwa ndani ya deli na kufika siku hiyo hiyo. Vipande vya ini, bandama na ubongo vya kupima virusi vinatiwa kwenye spiriti kali. Vya kuangalia kwa hadubini vinatiwa kwenye fomalini. Haya yote tuliambiwa kwenye mafunzo ya Machi ambayo walihudhuria watu tisa.

Kingine kilichoharibu ni dawa. Wapo waliochanganya OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini, kwenye chakula siku ya pili tu ya vifo, bila kumuuliza mtu. Ni sawa na mgonjwa kumeza dawa nusu dozi halafu aende kupima: daktari haoni kitu na ugonjwa haujaondoka. Tena samaki mgonjwa hali. Dawa yote inaliwa na wazima, mgonjwa anabaki na ugonjwa wake, na bakteria wanajifunza kuizoea. Kama ni virusi dawa inapigana navyo, basi ni hasara tupu, kwa kuwa antibiotiki haiui virusi. Norwei, wanakofuga samoni, mwaka 1987 walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Miaka michache baadaye, samaki wakachanjwa kwa sindano mmoja mmoja, matumizi yakashuka hadi kama tani moja huku uzalishaji ukipanda. Mmoja mmoja, ndugu zangu! Sisi kutoa samaki watano tuwape watafiti inakuwa ugomvi.

Na hapo naingia kwenye malalamiko ya pili, ya watafiti "kula" samaki thelathini thelathini. Nimelisikia hili sokoni, nimelisikia kanisani, nimetumiwa hadi utani kwenye grupu. Hesabu yenyewe ni hivi: kwenye kundi kubwa la samaki, ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kukutana na ugonjwa ulioshika samaki 10 kati ya 100, unapima samaki 30. Ukiwa umeshika 5 kati ya 100, unapima 60. Ukiwa umeshika 2 tu, unapima 150. Thelathini ndiyo kiwango cha chini cha mtu asiye na fedha, na sisi hatuna fedha. Hao samaki walipasuliwa, nilikuwepo. Hakuna aliyeomba ndimu.

Awamu ya pili ilifanyika vizuri, kwa gari langu na mafuta yangu ambayo sijayadai. Majibu yalichelewa, nami nilipiga simu mpaka wakanizoea. Yakaja hivi. Kwenye ubongo na figo za samaki wa baadhi ya vizimba vya katikati walikuta bakteria wa jamii ya Streptococcus, wanaoeleza yale macho kutoka na ule mzunguko. TiLV haikuonekana. Na kipimo cha alfajiri kilionyesha oksijeni chini ya miligramu 2 kwa lita upande wa kusini, wakati sato huanza kuteseka ikishuka chini ya 3. Miezi ile ya upepo wa kusi maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu. Wenzetu wa Kisumu waliyaona mauti ya namna hiyo Novemba 2022.

Mara tu majibu yalipotoka, wapinzani wangu wakasema: "Si unaona, ilikuwa hewa tu, fedha zimepotea." Hapana. Kusini ilikuwa hewa, katikati ilikuwa hewa na bakteria, na bila maabara mngewatibu wote kwa OTC. Tena watafiti walituonya kwamba TiLV kutoonekana kwenye sampuli zetu si ushahidi kwamba haipo, kwa sababu wanachama sita walikataa vizimba vyao visiguswe, na hao wamo humu ndani.

Malalamiko ya tatu ndiyo mazito, kwamba kumwambia Afisa Uvuvi kulituharibia soko. Vifaranga na samaki hai vilizuiwa kuhamishwa kwa muda, wachuuzi wakakimbia, bei ikaanguka. Sikatai, na mimi nina vizimba, niliuza kwa bei hiyo hiyo. Lakini uvumi wa "samaki wa korona" ulianza siku tatu kabla sijapiga simu ofisini, na ulianzia kwa mwanachama aliyeuza mizoga mwaloni usiku. Mlaji nilimwambia ukweli: TiLV na ISKNV havijulikani kuambukiza binadamu. Kuhusu Streptococcus, ipo aina moja iliyowafanya watu waugue Singapore mwaka 2015 baada ya kula samaki mabichi. Hilo nililisema hata redioni, nikaongeza kwamba sisi sato tunamkaanga au tunamchemsha mpaka anaiva. Kuna waliotaka nilifiche. Lingetoka kwa mtu mwingine tungeonekana tunauza sumu.

Sasa mahudhurio na ada. Mikutano minne imeitishwa, miwili imeahirishwa kwa kukosa akidi. Mafunzo ya Machi nimeshayataja. Ukisema kuna posho, mtu anatoka hadi Sengerema na kivuko cha kwanza. Ukisema kuna kazi ya kuondoa mizoga na kuichimbia shimo lenye chokaa, simu zote hazipatikani. Wanachama 28 hawajalipa, na kati ya hao wapo waliosimama Agosti kuuliza mfuko wa dharura una shilingi ngapi. Mfuko ule ulichangwa na wachache. Anayetaka kuusimamia kwa macho makali, nampongeza, aanze na 60,000.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, fedha zikipatikana, kununua kipimo cha oksijeni cha chama, kuwa na daftari la vifo kwa kila kizimba, na kuendelea kuwasiliana na watafiti ili wapimaji waje kabla ya upepo wa kusi badala ya kuja mazishini. Tunatarajia pia kupata eneo la kuwaweka vifaranga wapya peke yao kabla ya kuwachanganya na wengine. Mazungumzo yapo. Chanjo tumeuliza, tunaendelea kuuliza.

Muda wangu wa uongozi unaisha Juni. Fomu za kugombea anazo Katibu, na kwa mujibu wa katiba mgombea lazima awe amelipa ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti