Mpeni Mama Yule Nafasi ya Naomi

Kayole, Nairobi
Jumapili usiku

Dadangu mpendwa,

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma ndani ya matatu, nikaisoma tena jikoni nikingoja maji ya ugali yachemke, na tangu siku hiyo sijatulia. Huku hatujambo. Watoto wamerudi shule na stima inapotea kila jioni. Hayo yatosha kwa leo, maana nataka tuzungumze juu ya huyo mama muuza omena uliyeniandikia habari zake.

Umesema alikuja kwenye majaribio ya waigizaji wa filamu ya kanisa lenu kwa sababu binti yake aliogopa kuja peke yake. Ukampa karatasi asome maneno ya Naomi, yule mjane wa kitabu cha Ruthu, akirudi Bethlehemu, na alipofika pale pa "Msiniite Naomi, niiteni Mara", akasita, akaikunja karatasi, akayamalizia yaliyobaki bila kuitazama. Watu wote ukumbini wakanyamaza. Kisha kamati ikamletea fomu: uliokoka lini, ulibatizwa wapi, barua ya mchungaji iko wapi. Mama akajibu kwamba hana hata kimoja, akajitwika beseni lake akaenda zake. Sasa unaniuliza kama ulikosea kumtetea mbele ya wazee.

Hukukosea, dada. Na kuna jambo nililopaswa kukueleza miaka mingi iliyopita, ambalo nimekuwa nikilizunguka kila tunapoonana.

Unakumbuka nilipokuwa naelekeza mchezo wa Pasaka katika lile kanisa nililosali kabla ya hili. Jina lake tuliache. Mwaka ule wa mwisho tuliamua kuurekodi kwa kamera tuugeuze filamu fupi, na tulikuwa tunatafuta Petro. Vijana wa kwaya walijaribu, wakalia kwa sauti kubwa, wakapiga magoti, wakainua mikono. Kisha akaja kijana mmoja makanga wa matatu, rafiki wa mpiga gitaa wetu, bado kavaa lile koti lake la maruni la kazini. Tulikuwa tumeweka jiko la makaa katikati ya ua wa ploti, kwa sababu Yohana anasema ulikuwa moto wa makaa. Kijana akachuchumaa, akanyosha viganja juu ya makaa, akawa anavigeuza taratibu, mbele na nyuma, kama mtu aliyeshinda kwenye baridi tangu alfajiri. Kijakazi alipomuuliza, alijibu "Simjui mtu huyu" kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye makaa, vile unavyomjibu askari wa jiji ukitumaini atapita. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akavuta mikono haraka akaificha makwapani, kana kwamba moto ule ule uliokuwa ukimpasha joto ulikuwa umemchoma. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mimi niliyekuwa nimeisoma Injili tangu Sunday school nilimwona Petro kwa mara ya kwanza.

Baada ya wiki mbili mmoja wa wazee akaja na habari: kijana hajaokoka. Kamati ikakaa. Ikaamuliwa kwamba ataendelea, mradi Jumapili apite mbele ampokee Bwana. Jumapili akapita mbele, akaongozwa sala, akalia. Kanisa zima likapiga makofi. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu na mikono yangu haikuweza kupiga makofi, kwa sababu niliitambua pumzi ile. Kabla ya kulia alitoa pumzi yote nje, akangoja kidogo, kisha akaachia mabega yaanguke. Ni mimi niliyemfundisha, Jumanne ile, kwa ajili ya sehemu ya jogoo kuwika.

Tulipiga picha siku nne zaidi. Siku ya tano alinivuta kando akaniambia, "Mama, pale mbele niliigiza. Nilitaka sana hii kazi. Lakini siwezi kulala." Nikamwambia asubiri, nitafute namna. Hakusubiri. Akaingia ofisini kwa wazee akawaambia mwenyewe. Wakamtoa siku hiyo hiyo, wakamweka kijana wa kwaya, na nauli yake ya siku zilizobaki haikulipwa. Kamati ilipokaa tena waliniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa karibu na jiko la chai. Nikasema sina.

Ndiyo sababu fomu ya kamati yako imenichoma hivi. Ukimfanya mtu anunue nafasi kwa ungamo, utapata ungamo. Mtaa umejaa vijana wenye kipawa wasio na kazi, na yeyote kati yao anaweza kukuambia tarehe aliyookoka ikiwa tarehe hiyo itampa siku sita za kazi na chakula cha mchana. Halafu kanisa litakuwa limemfundisha kuigiza mahali pekee duniani ambapo hapaswi kuigiza. Yule mama wa omena alisema hana. Angeweza kudanganya na hakuna ambaye angejua.

Mchungaji wenu anasema mashahidi wa Kristo hawawezi kuwa watu wasiomjua Kristo. Ninaheshimu hofu yake. Mtazamaji humfuata mwigizaji hadi mtaani. Akimwona Petro Ijumaa amelewa kwenye steji ya matatu, kitu fulani kinavunjika. Hilo nimeliona. Lakini tazama filamu ambazo kanisa lenyewe limezipenda. Ile ya mwaka 1979 juu ya maisha ya Yesu, tuliyoonyeshwa tukiwa watoto kwenye shuka jeupe uwanjani huku jenereta ikinguruma nyuma, ilipigwa Israeli, na waigizaji wengi walikuwa Waisraeli wa huko. Yesu ni Brian Deacon, Mwingereza. Imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, kwa hiyo Yesu aliyesema nasi Kiswahili alikuwa na uso wa mtu mmoja na sauti ya mwingine. Usiku ule bibi yangu alilia hadi leso ikalowa. Hakuuliza yule wa sauti anasali wapi.

Au ile ya Mel Gibson ya 2004 juu ya mateso ya Yesu, ambayo akina mama wa kanisa letu huitazama kila Ijumaa Kuu. Aliyeigiza Yesu, Jim Caviezel, ni Mkatoliki, kama Gibson mwenyewe. Lakini Maria ni Maia Morgenstern, Myahudi kutoka Romania. Jina lake la ukoo kwa Kijerumani maana yake ni nyota ya asubuhi, na Wakatoliki humwita Bikira Maria jina hilo hilo katika litania yao. Wakati wa kupiga picha alikuwa mjamzito. Nikilijua hilo, siwezi tena kuitazama kwa utulivu ile sehemu anapopiga magoti kupangusa damu ya mwanawe sakafuni kwa vitambaa vyeupe. Yale si mambo ya kuandikwa kwenye fomu. Yule mwanamke alikuja na mwili wake, na mtoto tumboni, na historia ya watu wake, akatupa mama.

Uliniuliza pia juu ya ile habari ya Marekani ambayo mchungaji aliitaja kwenye kikao. Ni filamu ya 2006, End of the Spear, juu ya wamisionari watano waliouawa kwa mikuki na watu wa kabila la Wawaodani kule Ekwado mwezi Januari 1956. Chad Allen alipewa nafasi ya Nate Saint, rubani wao, na ya mwanawe Steve akiwa mtu mzima. Allen alikuwa amesema hadharani kwamba anapenda wanaume wenzake, na watayarishaji, ambao ni Wakristo, waligundua baada ya kumwahidi kazi. Wakaishika ahadi yao. Kukawa na kelele nyingi, wachungaji wengine wakawataka Wakristo waisusie. Mtu anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu maisha ya Allen na bado akawaheshimu watu waliotimiza neno lao. Mimi kinachonishika ni kisa chenyewe. Rachel, dada yake Nate, na Elisabeth Elliot, mjane wa mmoja wa wale watano, walikwenda kuishi katikati ya waliowaua wapendwa wao. Wakajenga nyumba na kula nao. Halafu sisi tunagombana ni nani anastahili kuvaa shati la marehemu.

Na kama wazee wako wanapenda mambo ya kale, waambie habari za Sipriano, askofu wa Karthago, hapa hapa Afrika, karne ya tatu. Mwenzake mmoja, Eukratio, alimwandikia juu ya mwigizaji aliyekuwa ameacha jukwaa lakini bado anafundisha wengine uigizaji. Je, abaki katika ushirika? Sipriano alijibu kwamba hapana, na michezo ya siku zile ilikuwa imejaa miungu ya Kirumi na uchafu, kwa hiyo naielewa sababu yake. Lakini akaongeza jambo ambalo sisi hatukulifanya. Akasema ikiwa mtu huyo ni maskini na hana njia nyingine, kanisa limlishe. Na kama kanisa la kwenu haliwezi, mtumeni kwetu Karthago, atapata chakula na mavazi. Yaani hata yule mkali kuliko wote alijua kwamba ukimnyima mtu riziki kwa ajili ya usafi wa kanisa, gharama ni ya kanisa. Petro wetu tulimnyima hata nauli.

Usifikiri nataka mlango uwe wazi bila bawabu. Baada ya filamu kuonyeshwa, yule atakayesimama mbele ya watu kushuhudia na kuomba na wagonjwa, huyo lazima awe mwamini, na hapo fomu yenu ina kazi. Hiyo ni huduma nyingine, msiifunge kwenye kamba moja na uigizaji. Na mwigizaji naye ana dhamiri yake. Kirk Cameron, alipoigiza mume katika filamu ya kanisa moja la Wabaptisti kule Georgia, Marekani, mwaka 2008, hakukubali kumbusu mwanamke mwingine, basi wakamleta mke wake mwenyewe wakapiga picha ile wakiwa vivuli tu. Aliuchora mpaka wake, wakauheshimu. Vivyo hivyo kijana Mwislamu anayetusaidia na taa huku kwetu. Kila mwaka huniambia mapema sehemu ambazo hatasimama mbele ya kamera, nami sijawahi kumbembeleza. Akishasema, tunapanga kazi.

Mimi siku hizi huwauliza waigizaji mambo machache tu, tena tukiwa tumeketi, chai mkononi. Umeisoma sura nzima? Kuna neno humu usiloweza kulitamka? Utakuja ukiwa mzima, bila pombe, na hutaudhihaki ujumbe huu ukiwa nje? Majibu huyaona usoni kabla hayajafika mdomoni. Suleimani alipotaka miti ya hekalu alipeleka ujumbe kwa Hiramu mfalme wa Tiro, akakiri kwamba katika Israeli hakuna mtu ajuaye kukata miti kama Wasidoni. Mierezi ile ikaingia katika nyumba ya Bwana, imekatwa na mikono isiyotahiriwa.

Petro wetu bado ni makanga, njia yetu hii ya Kayole. Wiki iliyopita nilipanda gari lake. Alikataa nauli yangu, nami nikailazimisha mkononi mwake kwa sababu ni deni, na nilimwambia hivyo. Alinitazama kitambo, kisha akagonga bodi la gari tukaondoka. Sijamwomba msamaha kwa maneno bado. Nimepanga kwenda stejini Jumamosi alasiri, saa ambayo huwa hawana abiria wengi.

Sasa, huyo mama. Usimpigie simu, nenda mwenyewe hadi sokoni, ununue omena kwanza. Mwambie maneno ya Naomi yanamngoja. Usimuulize kwa nini aliikunja karatasi. Labda amezika mume, labda amezika zaidi ya mume, na akitaka kukueleza atakueleza. Kamati ikikukatalia, waambie nipo tayari kuja Kisumu niwaeleze haya yote mwenyewe, pamoja na aibu yangu, na nauli ya basi najilipia. Na umesema macho yake yanapata shida na maandishi madogo. Ninakutumia kwa basi la kesho usiku sura zote nne za Ruthu nilizozichapa upya kwa herufi kubwa, karatasi ngumu, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi ili azitundike kwenye meza yake ya biashara. Nenda ukazichukue ofisi ya basi asubuhi, kabla soko halijajaa.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ni mimi dadako,
wa Kayole