Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama wengine, hamjambo.

Habari za ada, ukumbi na karamu ya Idi atawasomea mweka hazina. Hesabu zake hazina doa, na ana subira kuliko mimi. Mimi naomba niizungumzie hoja iliyotugawa mwaka mzima: kwamba chama kiandike barua ya kulaani kila mara timu ya hoki ya barafuni ya hapa kwetu Ottawa inapomtoa nyota wake kwenda timu nyingine. Wapo waliosusia vikao kwa ajili hiyo. Kamati iliikataa, na kura yangu ilikuwa miongoni mwa za hapana.

Najua kidonda kilipo. Mei 2017 tulibakiza bao moja tu tuingie fainali ya Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi. Septemba 2018 Erik Karlsson, nahodha wetu, beki aliyekuwa ametwaa tuzo ya beki bora wa ligi mara mbili, akapelekwa timu ya San Jose. Hata mimi sikula siku ile.

Lakini katikati hapo timu ilikuwa imemaliza msimu ikiwa ya pili kutoka mkiani. Karlsson alikuwa na miaka 28, mkataba ulibaki mwaka mmoja. Ukiisha, anaondoka bure. Ukimwongeza, mshahara wake unameza sehemu kubwa ya kikomo cha jumla ya mishahara ya timu ambacho ligi imekiweka tangu 2005, na vijana wanaokuja wakiiva, yeye amezeeka. Nyota hapotezi ubora mnapomngoja, anapoteza bei.

Tuliozoea Simba na Yanga tunauliza: fedha za uhamisho ziko wapi? Huku hakuna. Timu hulipwa kwa wachezaji na nafasi za drafti (siyo ile ya ubao na vizibo vya soda, bali zamu ya kuchagua chipukizi). Chipukizi wa miaka 18 husaini miaka mitatu kwa mshahara wenye ukomo, ndiyo maana timu inayojijenga upya humtamani kuliko mkongwe yeyote. San Jose walitupa, pamoja na vingine, kijana Josh Norris na zamu yao ya raundi ya kwanza. Kisha wakaporomoka wenyewe, na kwa kuwa timu dhaifu hutangulia kuchagua, zamu ile ikawa ya tatu kwa jumla mwaka 2020, tukamchagua Tim Stützle. Bahati? Sana. Ila bahati ya aliyekwisha kata tiketi.

Wapinzani wangu wana mfano wa Mark Stone, nyota wetu mwingine, na hapo wana haki. Tulimtoa kwenda timu ya Vegas Februari 2019, tukapata beki kijana aliyetarajiwa makubwa, Erik Brännström. Hakufika huko, akaondoka. Stone alinyanyua kombe 2023 akiwa nahodha, na mechi ya mwisho alifunga mabao matatu. Nilizima televisheni.

Aprili mwaka huu tulirudi kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017, tukatolewa na Toronto katika mechi ya sita. Stützle alikuwepo. Norris hakuwepo: Machi alibadilishwa kwa Dylan Cozens wa timu ya Buffalo, na barua ya kulaani nikaletewa tena niisaini.

Waliosusa nawaomba warudi. Viti vyao havijakaliwa. Hoja ni ajenda ya nne, itapigiwa kura ya siri. Sasa namkaribisha mweka hazina.