Zai, Mwanaidi asirudishwe kwa shangazi

Shoga angu Zai,

Salaam nyingi toka huku Mwanga, Kigoma. Za masiku, za hapo Isevya, Tabora, bibi na watoto hawajambo? Sisi wazima, mawese yako yako kwenye dumu nasubiri tu mtu wa kumpa. Najua nimekaa kimya sana, nisamehe, leo nina shida.

Ni Mwanaidi, mke wa Juma. Mtoto ana wiki ya saba sasa, kanenepa, anaogeshwa anapakwa mafuta, kanukia vizuri muda wote. Ila akianza tu kulia, na unajua umri huo wanavyolia jioni, Mwanaidi anaganda. Juzi nilikuwa nao, mtoto akarusha kamkono kakamgusa shavuni, Zai, yule dada alijikinga uso na kiwiko kama anakwepa kofi. Kwa kichanga! Baadae akaniuliza, "Dada, mbona huyu mtoto ananichukia?" Nilikosa pa kuangalia.

We si ndo ulikuwa unampitishia maandazi juu ya ukuta shangazi yake akimfungia stoo ya mkaa? Na mule ndani ukilia unaongezewa. Sasa mtu kakulia hivyo, kilio kwake maana yake kipigo kinakuja, mwili unaogopa kabla hata hajafikiria, na yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumbembeleza, hiyo kazi angejifunzia wapi?

Kwenye semina yetu ya wahudumu wa afya tulifundishwa kilio cha kichanga kinapanda mpaka kama wiki ya 6 alafu kinaanza kushuka, miezi 3 au 4 kunakuwa na nafuu, nikamwambia hakuchukii, ndo umri wake. Nikamwambia ukizidiwa mlaze chali sehemu salama, toka nje, vuta pumzi, niite, ila usimtikise kabisa maana ubongo wa kichanga unaumia. Na anafanya hivyo hivyo, anasimama pale bombani anatetemeka. Majirani wakimuona wanasema hampendi mtoto. Anayetoka nje ili asimuumize mwanae, hampendi vipi jamani?

Mama mkwe nae kamwambia "utakuja kuwa kama shangazi yako". Imeniuma sana hiyo. Si kweli hata. Ule utafiti wa kitaifa wa 2009 wa ukatili kwa watoto, karibu robo tatu ya vijana walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Na kwa ujumla waliopitia hayo wengi hawaji kutesa watoto wao, hasa wakipata mtu wa kumwambia yaliyowapata na wa kuwashika mkono. Mwanaidi kaanza kunisimulia kidogo kidogo, usiku, mtoto akilala.

Alafu ndo Juma anataka kumpandisha treni aende Tabora kwa huyo huyo shangazi, eti akapumzike kwa aliyemlea. Akapumzike! Toka aambiwe hivyo, chakula hali vizuri, na maziwa naona yanapungua. Juma si mtu mbaya, hajui tu, Mwanaidi hajawahi kumwambia na mi sina ruhusa ya kumwambia yote.

Sasa Zai, we ni dada yake Juma, anakusikia kuliko mama yake. Utampigia kabla hajakata tiketi? Unaweza kumkatalia bila kutaja stoo? Na kama lazima waje huko, kile chumba cha uani bado kiko wazi? Shangazi bado anapita hapo kwako asubuhi? We utaweza kukaa nae kweli, na biashara yako ile?

Nijibu kwa meseji, simu yangu wanaishika wote hapa, so andika tu "mawese yamefika" kama umekubali.

Wako,
Hadija