Zoezi la Python la wiki hii

Habari za jioni wanakikundi. Kabla ya Jumamosi kila mmoja aandike kwa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) programu inayouliza bei na idadi, kisha inaonyesha jumla. Jaribu mwenyewe dakika 20 kwanza. Ukikwama ndipo umwendee mwalimu wa akili mnemba, na umwanzie hivi: “Najifunza Python. Usinipe msimbo kamili, nipe dokezo moja tu, kisha unisubiri.” Usipomwekea sharti hilo atakumwagia jibu zima.

Wengi mtanasa hapa: input(), amri inayomuuliza mtumiaji, hurudisha maandishi, si namba. Ukijumlisha 5 na 3 utapata 53; ukizizidisha, utapata TypeError (kosa la aina ya data). Dawa ni int(input()), inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, au float(input()) kama bei ina senti. Mkikosea, nakilini ujumbe wote wa kosa pamoja na msimbo wenu. Mstari wa mwisho wa ujumbe huo ndio unaotaja kosa lenyewe. (Picha ya skrini iliyokatwa nusu haimsaidii mtu, tafadhali.)

Mwalimu huyo wa akili mnemba akikutajia maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) usiyoijua, ihakiki kwenye PyPI, hifadhi ya mtandaoni ya maktaba za Python, kabla ya kuisakinisha kwa pip install. Wakati mwingine hubuni majina, na matapeli huyasajili wakaweka programu hasidi. Zoezi hili halihitaji maktaba yoyote.