Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wapimeni wazee wetu kumbukumbu, msiwapime shule

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kwa heshima, na tunaandika hadharani kwa kuwa njia nyingine tumezimaliza. Sisi ni wauguzi na matabibu tunaohudumia wazee. Mwezi huu bibi mmoja amerudishwa kwetu kutoka hospitali ambayo hatutaitaja, mkononi ana fomu yenye alama 21 kati ya 30, na chini yake maneno haya: "Demensia. Ahudumiwe nyumbani." Yaani ana ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tuliipitia fomu ile swali kwa swali. Maneno 3 aliyopewa ayakumbuke, aliyataja yote 3. Alama 9 alizokosa zilikuwa hizi: 5 za kutoa 7 kutoka 100 mfululizo, 1 ya kusoma agizo na kulitekeleza, 1 ya kuandika sentensi, 1 ya kunakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana, na 1 ya kutaja yuko ghorofa ya ngapi, ndani ya jengo lisilo na ghorofa. Bibi huyu hakwenda shule. Kumbukumbu yake haikuwa na kosa lolote katika karatasi ile.

Kipimo hicho ni MMSE, kilichotungwa Marekani mwaka 1975. Mara nyingi mtu akipata chini ya 24 huhesabiwa kuwa na tatizo. Piga hesabu, Mheshimiwa: hesabu, kusoma, kuandika na kuchora zina alama 8. Asiyejua hayo anabaki na 22 hata kama ubongo wake ni mzima kabisa. Geuza upande wa pili. Mwalimu mstaafu anaweza kusahau maneno yote 3 ndani ya dakika chache, akapata 27, akaambiwa ni uzee tu. Huyu ndiye tunayemhofia zaidi, maana Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha demensia, kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Mgonjwa anakumbuka harusi yake, hakumbuki kama amekula asubuhi.

Kipimo kinachowafaa wazee wetu kipo, na kilitengenezwa hapa hapa nchini. Katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta takriban asilimia 6.4 wana demensia. Kutokana na kazi hiyo kikaja kipimo cha IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014. Hakihitaji kalamu. Mzee anasomewa orodha ya maneno 10 na kuyarudia, kisha baadaye anaulizwa anayokumbuka. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika 1. Anaulizwa siku ya leo. Anapanga vijiti 4 vya kiberiti kwa kufuata umbo alilooneshwa. Jumla ni alama 15. Akipata 7 au chini ya hapo, achunguzwe zaidi. Ni kazi ya robo saa, na muuguzi wa zahanati anaweza kuifundishwa.

Lakini hata kipimo kizuri huharibiwa na mpimaji. Tunaona mzee akipimwa koridoni huku majina ya wagonjwa yakiitwa, mjukuu akimnong'oneza majibu, miwani imesahaulika nyumbani. Asiyesikia vizuri hawezi kukumbuka neno ambalo halikumfikia: kwa hiyo masikio yaangaliwe kwanza, nta itolewe, na mzee arudie kila neno kwa sauti kabla ya kuanza. Asipimwe akiwa na homa. Mzee aliyechanganyikiwa ndani ya siku 2 au 3 atafutiwe malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka. Kumbukumbu itapimwa akipona. Akipimwa tena baada ya miezi 6, atumiwe orodha nyingine ya maneno, la sivyo atakuwa ameizoea ya kwanza.

Na alama ndogo peke yake haimpi mtu Alzheimer. Ndugu anayeishi naye aulizwe faragha: ameanza kupotea njia anayoijua? Anakosea chenji? Ilianza lini, na inazidi? Halafu damu: tezi ya thairoidi, vitamini B12, kaswende, VVU. Mfuko wake wa dawa umwagwe mezani, kwa sababu amitriptilini, diazepamu, hata Piriton ya kila usiku huvuruga kumbukumbu ya mzee. Sonona nayo hufanana na demensia. Aliyewahi kuanguka na kugonga kichwa apigwe picha, kwani damu iliyojikusanya ndani ya fuvu inaweza kutolewa na akili zikarudi. Bibi tuliyemtaja hakufanyiwa hata kimoja kati ya hivi. Vijijini mwetu tunajua mwanamke mzee anayeongea peke yake usiku anavyoitwa, na yanayoweza kumpata baada ya kuitwa hivyo. Kosa la karatasi linaweza kumgharimu mtu maisha.

Mheshimiwa, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi huduma za afya kwa wazee. Mei 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa demensia, wenye lengo kwamba kufikia 2025 angalau nusu ya nchi ziwe zinawatambua angalau nusu ya wagonjwa wao. Mwaka huo umefika, na dirisha la wazee limebandikwa bango, ila nyuma ya dirisha hakuna kipimo cha kumbukumbu wala aliyefundishwa kukitumia.

Hatuombi mashine, wala dawa ya kuponya, kwa kuwa haijapatikana. Tunaomba waraka mmoja kutoka wizarani: kipimo cha IDEA kiwekwe katika kila kliniki ya wazee, na mzee yeyote asiandikiwe demensia kabla ya kuangaliwa masikio, dawa anazotumia na damu yake. Kuchapa karatasi na kununua kiberiti hakuhitaji kusubiri bajeti ijayo. Tupe waraka huo, Mheshimiwa, na bibi yule arudishwe apimwe upya.

Wako katika kazi,
Wauguzi na matabibu wa kliniki za wazee